Mpokeaji Hakuwepo

Mwaka wenyewe siujui, na hata ningeujua nisingewaambia, maana mngeanza kubishana. Ninachojua ni kwamba mvua iliwasusa wanyama wa nyika ile misimu miwili mfululizo. Mto ulikauka ukabaki mchanga mtupu. Lilisalia bwawa dogo moja tu, lililokuwa likishuka kila siku, upande wa pili wa kilima, mwendo wa nusu siku kwa mwenye miguu mirefu.

Bi Kanga hakuwa na miguu mirefu, na juu ya hayo alikuwa na mayai kumi na nane. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuyaatamia, na hesabu yake aliijua: siku ya ishirini na saba vifaranga watatoka, na wakishatoka watataka maji. Kifaranga wa siku moja huwezi kumpeleka bwawani kwa jua lile. Atakufa njiani, naye mama yake atamwona akifa. Wazo hilo halikumtoka Bi Kanga asubuhi, mchana wala jioni. Ilikuwa lazima maji yawepo pale pale kiotani, ndani ya mtungi, kabla yai la kwanza halijapasuka.

Jirani yake, Mzee Kobe, alikuwa amekwisha kumwahidi. "Wewe tafuta mtungi tu, Bi Kanga. Nitaubeba mgongoni mpaka bwawani na kurudi. Kwangu ni siku nne, tano nikipumzika."

Basi mtungi ulitakiwa uwe umefika ifikapo siku ya ishirini na mbili. Huo ndio ulikuwa mwisho wake.

Zamani hizo kulikuwa na mtandao wa kasuku. Kasuku mmoja alikaa kwenye kila mti mkubwa, kutoka nyikani hadi kwenye milima ya mbali walikoishi nyani wafinyanzi. Ukitaka kitu unamwambia kasuku wa karibu nawe, huyo anamwambia wa mti wa pili, wa pili anamwambia wa tatu, hadi agizo linafika. Bi Kanga aliagiza mtungi mmoja, wa ukubwa wa kati, akalipa papo hapo kwa manyoya yake mazuri ya madoadoa, ambayo nyani huyapenda kwa kuchorea vyungu. Jibu lilirudi hata jua halijasogea.

"Asante kwa kutuchagua," alisema Kasuku kutoka kwenye mgunga uliokuwa juu ya kiota. "Mzigo utakufikia ndani ya siku tatu hadi tano. Namba ya mzigo wako ni saba, saba, tisa, sifuri, sifuri, jongoo, nne."

"Jongoo?"

"Jongoo. Tarakimu zimeisha, sasa tunatumia wadudu."

Bi Kanga aliirudia namba ile mpaka ikamkaa kichwani. Alilala na moyo mweupe kabisa, maskini.

Kazi ya kusambaza mizigo ilikuwa mikononi mwa Sungura. Sungura mnamjua, sina haja ya kuwachosha. Alikuwa amefungua kituo chini ya kilima, hatua mia mbili hivi kutoka kiota cha Bi Kanga, akakizungushia ua wa miiba mirefu. Mchukuzi wake alikuwa Fisi. Fisi naye mnamjua: tumbo lilimtangulia popote alipokwenda. Sungura alimwajiri kwa ahadi ya paja zima la ng'ombe, lililoagizwa kutoka mbali, akampa na namba yake. Kila jioni Fisi aliuliza paja limefika wapi, akaambiwa liko njiani, akameza mate, na asubuhi akabeba mzigo mwingine.

Siku ya tano Bi Kanga alimwita Kasuku. "Hebu niangalizie mtungi wangu."

"Mzigo wako umeondoka kituoni."

"Alhamdulillahi! Kwa hiyo unakuja?"

"Umeondoka kituoni," alirudia Kasuku, ambaye hakufundishwa zaidi ya hapo.

Siku ya sita akauliza tena. "Mzigo wako umefika kituoni."

"Kituo gani?"

"Kituoni."

"Si ndiko ulikotoka jana?"

"Kusikiliza tena, sema moja. Kukata tamaa, sema mbili."

Siku ya saba mzigo uliondoka kituoni. Siku ya nane ulifika kituoni. Siku ya tisa uliondoka kituoni asubuhi na jioni ukafika kituoni "kwa mara ya kwanza". Bi Kanga alianza kuhisi kizunguzungu, na si cha njaa, ingawa hata njaa ilikuwepo. Hakuinuka kiotani hata mara moja. Alikula sisimizi waliopita mbele ya mdomo wake, na maji aliyafyonza kwenye matango pori ambayo Mzee Kobe alimletea kila alipopata.

Siku ya kumi aliona kwa macho yake. Fisi alikuwa akipita kwenye kijia kilicho mbele ya kiota, amebeba mzigo uliofungwa kwa majani makavu, na ubavuni pa mzigo huo palichorwa jongoo.

"Bwana Fisi! Bwana Fisi, simama! Huo ni mtungi wangu!"

Fisi alisimama. "Hilo siruhusiwi kulijua, mama."

"Una jongoo! Saba, saba, tisa, sifuri, sifuri, jongoo, nne! Mwenyewe ndiye mimi, nimekaa hapa, utue tu hapo chini."

"Nikiutua hapa utakuwa umefika kabla haujachakatwa," alisema Fisi kwa huruma ya kweli. "Kanuni hairuhusu. Unatoka, unachakatwa, unarudi. Vumilia. Hata mimi nasubiri paja langu, na sijalalamika."

Akaenda zake. Bi Kanga alinyoosha shingo mpaka ikakaribia kukatika, lakini mwili haukuinuka, maana upepo wa asubuhi ulikuwa bado wa baridi na chini yake kulikuwa na roho kumi na nane. Jioni Fisi alirudi kwa kijia kile kile na mzigo ule ule. Safari hii alikuwa akihema na magoti yanamtetemeka, kana kwamba mtungi umenenepa safarini.

Siku ya kumi na mbili Kasuku alikohoa kidogo kabla ya kusema. "Jaribio la kwanza la kukufikishia mzigo limeshindikana. Mpokeaji hakuwepo."

Bi Kanga aliinua shingo. "Sikuwepo wapi?"

"Hapo."

"Hapa nilipo?"

"Hapo ulipo."

"Kasuku, umekaa juu ya kichwa changu siku kumi na mbili. Umeniona naondoka?"

"Sijakuona," alikiri Kasuku. "Lakini mimi si jicho la kampuni, mimi ni mdomo wake."

Mchana huo Mzee Kobe alifika na tango lake. Kwa jinsi alivyoliweka chini huku akijitazama mwili mzima, Bi Kanga alijua kuna jambo.

"Bi Kanga," alisema, "wewe ni jirani yangu, niambie kweli. Juzi nilikuwa nyumbani?"

"Mzee, nyumba yako umeibeba mgongoni."

"Ndivyo nilivyosema na mimi. Lakini niliagiza kofia ya jua, na wameniambia walikuja nyumbani kwangu hawakunikuta." Alivuta kichwa ndani, akakaa humo kitambo, akakitoa tena. "Nimejikagua. Naona kama nipo. Ila wameandika."

Bi Kanga alitaka kucheka, kicheko kikagoma. Alimtuma Kobe kituoni akalalamike kwa niaba yake. Hatua mia mbili na foleni vilimchukua hadi jioni, na jibu alilorudi nalo lilikuwa fupi: malalamiko hupokelewa kutoka kwa mhusika mwenyewe tu, aje ana kwa ana.

"Ukimwambia siwezi kuondoka?"

"Nilimwambia. Akasema basi hata usipolalamika hawatakuhukumu. Na ukija, akasema, uangalie wasije wakauleta mzigo wakati uko huko, wakakukosa."

Jaribio la pili lilishindikana siku ya kumi na saba. La tatu lilishindikana siku ya ishirini na moja. Mpokeaji hakuwepo, na tena hakuwepo. Siku ya ishirini na mbili ilipita bila mtungi, na jua lilipozama Bi Kanga alilia. Aliwalilia watoto ambao bado hawajamwona, huku akiwasikia wakigongagonga ndani ya maganda. Aliwaomba wachelewe kidogo. Hawakuchelewa, hawakuwa wameajiriwa na Sungura.

Asubuhi ya siku ya ishirini na saba mayai yalipasuka, moja baada ya jingine, mpaka wakawa vifaranga kumi na saba. La kumi na nane lilikaa kimya. Bi Kanga aliligonga kwa mdomo, akatega sikio, akajua ni viza. Hutokea katika kila kiota, na hakuna mama asiyelijua hilo. Aliliacha pale, akawageukia walio hai, ambao walikuwa wamekwisha kuanza kulia kwa kiu.

Bwawani hawangefika. Lakini kituoni zilikuwa hatua mia mbili, na sasa hakuna kilichomfunga chini. Bi Kanga aliinuka, miguu imekufa ganzi, akapiga moyo konde. "Nifuateni," aliwaambia. "Leo nipo."

Alikuta foleni imezunguka ua. Sungura alikuwa nyuma ya kisiki chake, kalamu sikioni, akiongea bila kumtazama mtu. "Wa kuuliza, foleni hii. Wa kulalamika, foleni ile. Asiyejua yuko foleni gani asimame pembeni." Mfalme Simba mwenyewe alikuwa nafasi ya nne, nyuma ya Twiga. Alikuwa ameagiza kitana cha manyoya ya shingoni miezi miwili iliyopita, lakini angekufa kabla ya kukubali kwamba kuna kitu ambacho hakijaletwa kwake.

"Mimi siulizi chochote," alikuwa akimwambia kila aliyemtupia jicho. "Naikagua foleni."

Alikuwa ameikagua tangu alfajiri.

Bi Kanga alipita katikati yao wote. "Nimekuja kuchukua mtungi wangu. Saba, saba, tisa, sifuri, sifuri, jongoo, nne."

Sungura alimpa ishara Kasuku, ambaye alikuwa ameruka akatua juu ya ua. "Jaribio la tatu limeshindikana," alisema Kasuku. "Mpokeaji hakuwepo."

"Umesikia, mama," alisema Sungura kwa upole wa kuudhi. "Sisi tumetimiza wajibu wetu. Tatizo liko upande wako."

Wakati huo wote hakuna aliyewaangalia vifaranga. Wao walikuwa duniani tangu asubuhi ile tu, na hakuna aliyewafundisha mambo ya foleni. Walinusa kitu, wakajipenyeza chini ya miiba mmoja mmoja, wakatoweka nyuma ya ua. Baada ya kitambo wa kwanza alirudi mbio kwa mama yake, akajikung'uta, na matone yakamrukia Twiga miguuni.

Foleni nzima iligeuka kutazama. Katika nyika ile hakuna mnyama aliyekuwa amelowa kwa miezi mingi.

"Huyo mtoto," alisema Simba polepole, "amelowa."

"Jasho," alisema Sungura.

Nyati, naye akiwa kwenye foleni, hakungoja ruhusa. Aliegemea ua kwa kiuno, ua ukalala. Nyuma yake ilisimama mitungi arobaini na moja, imepangwa vizuri kivulini, kila mmoja na namba yake na mdudu wake, yote imejaa maji hadi shingoni. Vifaranga kumi na sita walikuwa wamepanda ukingoni mwa mtungi wenye jongoo, wametoboa majani yaliyoufunika, wanakunywa.

"Nani ameijaza?" aliuliza Simba.

"Mimi, Mfalme," alisema Fisi kwa fahari, akijitokeza mbele. "Asubuhi naondoka na mmoja mtupu, nazunguka kilima, nafika bwawani, nauzamisha uoshwe vumbi kwa mujibu wa kanuni, nafunika, jioni narudi nao."

"Na hukushangaa kuona unarudi mzito?"

"Nilishangaa sana. Nikaambiwa umechakatwa."

Ndipo wanyama walipoelewa kwa nini bwawa lilishuka upesi kuliko jua lilivyoweza kulikausha. Lingekwisha karibuni, na siku hiyo kila mwenye kiu angekuja kupiga magoti mbele ya kisiki cha Sungura. Nyati alianza kukwangua ardhi kwa kwato. Lakini Sungura hakutetereka.

"Taratibu, ndugu zangu. Nimemdanganya nani? Nilisema mizigo imeondoka kituoni, ikaondoka. Nilisema imefika kituoni, na hii hapa. Tulijaribu kuwafikishia, hamkuwepo. Basi tukaitunza. Asante yetu ndiyo hii?"

Mtaniuliza kama walimrukia. Hawakumrukia. Waliinamisha vichwa! Pundamilia alinong'ona kwamba yeye kweli aliwahi kutoka kidogo. Ngiri alisema huenda alikuwa amesinzia. Wiki nzima mtu akiambiwa hayupo, huanza kujitafuta.

Bi Kanga aliona hasira ikimpanda hadi kwenye upanga wa kichwa. "Kasuku!" alipiga kelele. "Wasomee wote, mmoja mmoja, kila mtu asikie la mwenzake!"

Kasuku alisoma, maana hakuna aliyewahi kumfundisha kukataa. "Twiga: mleta mzigo alifika, hakumwona mpokeaji. Kobe: mleta mzigo alifika, mpokeaji hakuwa nyumbani kwake."

Macho yote yalimgeukia Kobe, yakashuka hadi kwenye gamba lake. Mtu mmoja alicheka puani. Kisha wengine, kisha foleni nzima, na Mzee Kobe mwenyewe akatoa shingo yote nje kwa mara ya kwanza tangu ukame uanze. "Nilikuwepo!" alisema. "Nilikuwepo mimi!"

"Simba," aliendelea Kasuku. "Mpokeaji hakutambulika. Alikutwa mnyama fulani, nywele zimesokotana."

Kicheko kilikatika. Simba hakunguruma. Alipitisha kucha kwenye manyoya ya shingo, zikanasa, akazichomoa kwa shida.

"Mfalme," alisema Bi Kanga upesi, "yai la kanga likipoa asubuhi moja halitoi kitu. Mimi nimeandikwa mara tatu kwamba sikuwepo. Basi hawa wameatamiwa na nani?"

Sungura aliwatazama vifaranga, na akili yake ikawaka. "Mayai yalikuwa mangapi, mama?"

"Kumi na nane."

"Na vifaranga?"

"Kumi na saba."

"Ahaa!" Sungura aliruka juu ya kisiki. "Mmemsikia kwa kinywa chake! Moja halikuanguliwa. Lilipoa. Na lilipoaje kama mama alikuwa juu yake? Kazi yenyewe ni kukaa tu! Anayekaa kweli huangua yote. Yai lile lingekuwa langu, lingekwisha kuanguliwa zamani."

Bi Kanga alimtazama. Tangu ua ulipolala alikuwa akitafuta adhabu ya kumtosha, na sasa Sungura alikuwa amejichagulia mwenyewe.

"Mfalme, naomba akaliangue."

"Akaliangue," alisema Simba. "Tangu sasa hivi. Haondoki mpaka litoke. Fisi atamlinda." Kisha akainama kwenye sikio la Fisi, maana habari za lile paja nyika nzima ilizijua. "Sikiliza. Akiinuka pale, hesabu kwamba lile paja lako limefika."

Fisi hakuwahi kupewa kazi iliyomwingia akilini kama ile. Alikwenda akaketi mbele ya kiota, akakaa mkao wa kula, macho hayapepesi. Sungura alilikalia yai.

Mitungi na mizigo mingine iliyokuwa nyuma ya ua ilikabidhiwa wenyewe siku hiyo hiyo. Kobe alipata kofia, ikamfunika mpaka pua. Simba alionekana jioni ile amechana nywele, na hakuna aliyemwuliza kitana kimetoka wapi.

Siku za kwanza Sungura alibishana. Alimwambia Fisi kwamba zamu imekwisha, kwamba kuna mzigo wa haraka kituoni, kwamba yai limeanguliwa na kifaranga ametoka matembezini. Fisi alimjibu kwa kulamba midomo. Kwa hiyo Sungura alikaa. Kila Bi Kanga alipopita na wanawe alimwuliza, "Mama, litatoka lini hili?" Bi Kanga angeweza kumjibu kama alivyojibiwa yeye, maneno yote aliyajua kwa moyo. Yalimfika mdomoni, hayakutoka. Alipita tu.

Baada ya siku tisa aliamka akaona imetosha. Alikwenda kiotani akamkuta Sungura amekonda, masikio yamejaa vumbi, amejikunja juu ya lile yai kulikinga na upepo.

"Bwana Sungura, inuka," alisema. "Nitazungumza na Mfalme amwondoe Fisi. Hilo yai ni viza. Nilijua tangu siku ile ya kwanza. Halitatoka kitu."

"Shh!" Sungura alimkaripia. "Ongea polepole."

"Nakwambia ni viza."

"Asubuhi limetikisika, mama. Nimelisikia mwenyewe." Aliinamisha sikio, akafumba macho, akatabasamu. "Limekaribia. Ni leo. Kama si leo, ni kesho."

Bi Kanga alimtazama. Uso ule aliujua, alikuwa nao yeye mwenyewe siku ishirini na saba. Alimwekea maji karibu kabisa na mdomo, kwa kuwa alijua hataweza kuinuka kuyafuata.